Kikohozi cha Mama Kesho

Kila fundi cherehani hudanganya, wanachozidiana ni ufundi tu. Shangazi, ambaye wateja walimbandika jina la Mama Kesho kwa jinsi alivyoipenda siku hiyo kuliko zote, alikuwa na mpango wake. Yeye alikaa nyuma ya pazia na cherehani. Mpwa wake, msichana aliyeitwa Pini kwa sababu midomo yake haikukosa pini, alikaa mbele na mkasi. Mteja akija kuchukua nguo ambayo bado haijaguswa, Shangazi hukohoa. Pini akisikia tu, anazitema pini, anavaa uso wa msiba na kusema, "Jamani, umeme ulikatika."

Cherehani yenyewe ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Mambo yaliharibika siku kikohozi kilipoanza kuja chenyewe, bila kutumwa.

Wa kwanza kuumia alikuwa dereva wa basi la shule. Alifuata suruali yake, pazia likakohoa, Pini akaanza, "Jamani, umeme..."

"Umeme gani? Si suruali yangu hiyo inaning'inia?"

Pini akageuka. Ilikuwa pale, imepigwa pasi, mikunjo imesimama kama askari. "Hiyo ni pacha yake," akasema.

Kisha akaja bibi harusi na mama yake, harusi yenyewe ikiwa Jumamosi. Kikohozi kikapasuka. Pini akautaja umeme, bibi harusi akakaa sakafuni na kuangua kilio. Shangazi ikabidi atoke mbio, gauni mkononi, limekwisha kushonwa hadi pindo, lakini huku akikohoa mpaka amejikunja kama kamba. Mama wa bibi harusi akarudi nyuma. Akalipokea gauni kwa vidole viwili, kama anayebeba mkia wa panya.

"Hicho ni kifua kikuu," alisema. "Na ndiye aliyemshonea mwanangu!"

Hadi jua la utosi mtaa mzima ulikuwa umesikia. Wateja wakaja kudai vitambaa vyao, vingine vina alama za chaki, vingine vimeshakatwa mkono mmoja. Shangazi alinywa tangawizi hadi jasho lake likanukia chai. Akalamba asali, akajifukiza. Kikohozi kikanenepa. Na kila Pini alipomwambia waende kupima, alijibu, "Nikaambiwe nini? Acha nife sijui."

Pini hakuwa na elimu kubwa, ila macho alikuwa nayo. Aliona kuwa kikohozi ni kikavu, hakitoi kitu. Homa hakuna. Sahani ya Shangazi ilirudi jikoni nyeupe kama haikupakuliwa chakula. Siku moja akachukua futi na kumzungushia kiunoni.

"Unanipimia sanda?"

"Tulia. Mwenye kifua kikuu si hukonda? Wewe kiuno kimeongezeka."

"Mshenzi wewe! Umeilegeza hiyo futi. Ivute!"

Akaivuta. Kiuno hakikubadili msimamo.

"Shangazi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Uzi ukikatikakatika usiilaani cherehani, jiulize mara ya mwisho ulibadilisha nini. Haya, umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Hata mume sijabadilisha, na sababu ninazo."

"Na vidonge vya presha?"

Mguu wa Shangazi ukasimama juu ya pedali. Vidonge vyake vilikaa katika kopo la vifungo, na kweli, mwezi uliopita alipewa vya aina nyingine, vya rangi ya waridi, vizuri hata kushonea blauzi. Kikohozi kilianza muda mfupi baadaye. Akalifungua kopo akavitazama kama mtu aliyemfumania mwizi chumbani kwake.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" Akanyanyua mkono avitupe kwenye kapu la vitambaa chakavu.

Pini akamshika kiwiko. "Mimi sina uhakika. Na hata ningekuwa nao... Bibi aliacha dawa zake akijiona mzima. Mdomo wake ulienda upande gani?"

Shangazi ndiye aliyemlisha mama yake kwa kijiko, akimfuta kidevu, hadi mwisho.

"Kulia," alisema taratibu.

"Basi huchomoi sindano cherehani ikiwa inakimbia. Twende kwa waliokupa."

Daktari alikuwa kijana mpole. Shangazi hakumpa hata nafasi ya kusalimia. "Mwanangu, koti hili nani kakushonea? Bega moja linakwenda kazini, jingine linarudi nyumbani."

Daktari alicheka, akavitazama vidonge, akauliza kikohozi kilianza lini. "Ni dawa nzuri, mama, lakini baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu. Huenda ni hicho. Mbona hukuja mapema?"

"Nilidhani mtanipa jeneza."

Ili wasibahatishe, alimpa kikopo atemee makohozi. Shangazi alikohoa hadi machozi yakamtoka, kikopo kikabaki kikavu kama ahadi zake. Wakampiga picha ya kifua, ikatoka safi. Daktari akampima presha, akambadilishia dawa. Akasema kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuondoka, na siku nyingine akiona jambo geni asiache dawa mwenyewe, arudi aseme.

Kweli kikapungua, kikapungua, hadi nyuma ya pazia ikasikika pedali peke yake. Harusi nayo ilikuwa imeshapita, hakuna aliyekohoa, na mama wa bibi harusi akarudi kwa aibu na kitambaa chake mwenyewe. Shangazi alimpokea kwa tabasamu, akakiweka chini kabisa ya vingine.

Siku aliyokuja kukichukua, kilikuwa bado kimekunjwa vilevile. Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi kimoja, kifupi.

Pini akatema pini. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini miguu ikampeleka hadi kwenye pazia kabla hajafikiri.

"Shangazi! Hicho ni cha vidonge au cha umeme?"

Mama wa bibi harusi akamtazama Pini, akalitazama pazia, kisha akainama polepole na kuchungulia chini yake. Akauona mguu, umetulia juu ya pedali.

"Njoo kesho," ikasema sauti kutoka nyuma, nyororo, bila hata mkwaruzo.