Giza la Mdudu wa Mwezini

Orville Stensrud hakuwa na cheti cha chuo, hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kushoto, hakuwa na mke tangu Hazel azikwe, wala jina lake halikuandikwa kwenye filamu hata moja kati ya kumi na nne alizozitengenezea mazimwi. Alichokuwa nacho ni Mdudu wa Mwezini, wa mpira na waya, aliyewatoa watu mbio kwenye sinema za California mwaka 1957.

Sasa kampuni iliyoinunua filamu ile ilikuwa imeisafisha kwa mitambo, ikataka sahihi yake: athibitishe kwamba nakala mpya ndiyo kazi yake halisi. Akishatia sahihi, mikanda ya zamani itatupwa.

Jumamosi mchana Delphine Aguirre, mwenye sinema pale Burbank, aliwaonyesha wanafunzi wa chuo nakala hiyo bure. Orville akaketi safu ya nyuma, kashika magoti.

Mdudu akatokea. Sauti za wanafunzi zikapaa gizani:

"Oyaa, mnaziona nyuzi?"

"Kumbe anavutwa kama kikaragosi!"

"Mfungueni jamani, maskini, kachoka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Orville akainuka kitini. Nyuzi zile alizipaka masizi moja moja, akijua giza la mkanda litazimeza. Wasafishaji wamedhani giza ni uchafu, wakaliosha!

Akapanda hadi chumba cha mitambo alikokuwa Delphine.

"Zima hiyo, Delphine. Weka mkanda wangu wa zamani, ule niliokuachia."

"Mzee, ule umechakaa. Ukikatika je?"

"Tutakatika wote. Wakicheka tena, natia sahihi leo leo, Mdudu azikwe."

"Ukaidi wako huo!" Lakini akauweka.

Picha ikaja na michubuko kama mvua. Gizani kitu kikasogeza mguu mmoja, kikatoweka. Orville akasubiri kicheko, kucha zikimchoma viganjani.

"Limeenda wapi?" Alikuwa yule yule aliyemwita Mdudu kikaragosi.

"Nyamaza wewe!"

"Niambieni basi liko wapi!"

Msichana wa safu ya mbele alipandisha miguu kitini, akaikumbatia.

Orville akashuka hadi dirisha la tiketi, akaomba kalamu, karatasi na bahasha yenye stempu, akaiandikia kampuni: "Sitii sahihi. Giza mliloliosha lilikuwa nusu ya kazi yangu. Lirudisheni kwanza. Mikanda msiiguse."

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa mkono wenye vidole vinne, akavuka barabara na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.