Nyuzi Tatu Kila Siku

Harufu ya kiwanda chetu cha sadini hapa mjini Safi, Moroko, huizoei. Unachozoea ni kuichukia. Lakini kilichonichefua mwaka ule si samaki. Ni karatasi.

Mimi nilikuwa mpimaji. Kila zamu nilijaza fomu arobaini na moja: joto la samaki wakiteremshwa, joto lao mezani, chumvi, uzito, hata idadi ya glavu. Meneja wetu mpya, Bwana Lahbib, aligeuza tarakimu hizo kuwa grafu, akazibandika ukuta mzima, kijani tupu, na kuleta wageni wazitazame.

Jumatatu moja Rqiya, mkata vichwa wa meza ya kwanza, aliinua sadini kwa mkia. Tumbo likapasuka, uji wa kahawia ukamchuruzika hadi kiwikoni.

"Dada Zhor, huyu umempima ngapi?"

Nikatazama fomu. "Nyuzi tatu."

"Tatu! Basi na mume wangu tulimzika akiwa na nyuzi tatu."

Wenzake wakaangua kicheko. Kipimajoto kilikuwa kimeharibika wiki tatu nyuma. Niliomba kingine, nikaambiwa nijaze fomu ya maombi, nikajaza. Huku nikisubiri, niliandika tatu. Kila siku tatu.

Mchana wanawake wa meza ile walichagua samaki walioonekana wazima, wakapika tajini, mchuzi wa chunguni. Haikupita saa moja nyuso zikawaiva nyekundu, midomo ikavimba, Rqiya akatapika ndani ya ndoo ya vichwa. Daktari wa zahanati alisema samaki hao walikaa sana kwenye joto kabla ya kutufikia.

Bwana Lahbib alipofika zahanati, hakuuliza hali ya mtu. Aliuliza, "Sasa mbona grafu ni ya kijani?"

Nilimwonea kinyaa. Kisha nikajionea kinyaa mimi mwenyewe. Nikaketi kitandani kwa Rqiya, nikamweleza habari za zile tatu. Alinitazama kwa macho yaliyovimba.

"Ondoka mbele yangu, Zhor. Unanuka kuliko wale samaki."

Kesho yake nilizifuata fomu zangu zinakokwenda. Karani alizinakili kwenye kompyuta, kisha akazitupa stoo. Huko nilikuta magunia ya fomu yamelowa mkojo wa panya, na katikati ya gunia moja, vitoto vya panya visivyo na manyoya vimelala juu ya mwandiko wangu. Nikarudi kwa karani, kwa msimamizi, kwa meneja, nikiuliza kuhusu kila fomu swali moja: "Hii ikizidi kipimo, nani anafanya nini?" Nilipata jibu kwa fomu nne tu.

Basi nikabaki na hizo nne. Kwenye kabati la kioo la kuonyesha wageni kulikuwa na vipimajoto sita vipya, havijaguswa. Nikachukua kimoja, nikakifunga meza ya kwanza. Rqiya, aliyerudi kazini Alhamisi, hakunisalimu, ila alikisikiliza nilichosema: apime mwenyewe, na joto likipita nyuzi nne, agonge meza kwa mpini wa kisu, kazi isimame.

Ijumaa asubuhi aligonga. Lori lilikuwa limeleta samaki wa nyuzi kumi na moja.

Bwana Lahbib akaja mbio. "Nani kawapa ruhusa ya kusimama? Mnajua nina wageni leo?"

"Karibu, bwana," Rqiya akamsogezea samaki usoni. "Onja wewe kwanza, sisi tulishaonja."

Alirudi nyuma, kiganja puani. Wanawake arobaini walimtazama, visu vimelala mezani. Mwisho akamwashiria dereva aondoe mzigo wake.

Lori lile lilirudishwa mara mbili zaidi, ndipo wenye lori wakaanza kutia barafu ya kutosha. Rqiya hunijibu neno moja moja, na sina haki ya kudai la pili. Zile fomu thelathini na saba niliacha kuzijaza siku ile ile. Huu ni mwezi wa tisa tangu hapo. Hakuna aliyeziulizia.