Shimo la Baba Askofu

Kwa miaka saba Baba Askofu alipanda mti kila Jumapili ya Mazingira, na kwa miaka saba aliupanda katika shimo lile lile. Hakuna aliyeona ajabu. Mche ulipigwa picha, ukapigiwa makofi, ukakauka kabla mwezi haujaisha, na shimo likabaki wazi kumngoja mwakani. Pembeni palikuwa na kibao cha marumaru: "Mti huu umepandwa na Baba Askofu." Mwaka haukuandikwa. Kamati ya Mazingira haikuwa ya wajinga.

Aliyetia mchanga kitumbua chao ni Mama Ndoo, mfagiaji wa kanisa. Mche wa mwaka jana ulimtia huruma, basi kila Jumatatu akawa anaumwagia maji yaliyobaki kwenye vyombo vya maua ya madhabahuni. Mti ukashika, ukamfika kiunoni. Aliupenda, tena bila kuona haya, hata majani akawa anayafuta vumbi kama viti vya wageni.

"Nani kakutuma umwagilie?" Mwenyekiti wa kamati alimfokea Ijumaa. "Sasa Baba Askofu atapanda wapi?"

"Uwanja wote huu, Mwenyekiti. Si apande pale ukutani?"

"Na kibao je? Kimejengewa na saruji kile! Ung'oe, la sivyo utafute kazi kwingine."

Mama Ndoo alilia, maana kazi aliihitaji. Kisha akauchimbua taratibu na udongo wake, akautia kwenye ndoo ya kudekia, akauficha stoo nyuma ya viti vibovu.

Jumapili Mwenyekiti alileta mche mpya, akaufungia kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, akaingia kusikiliza mahubiri kuhusu kutunza uumbaji. Mahubiri yalikwenda saa mbili na nusu. Buti lilipofunguliwa, mche ulikuwa umeiva.

Alifika stoo mbio, tai begani. "Dada yangu, ule mti..."

"Upi? Wa kung'oa?"

"Nisitiri, dada. Wameshatoka nje!"

Mama Ndoo aliubeba mwenyewe. Baba Askofu akaupanda, akaukandia udongo, akaitabasamia kamera.

"Umenawiri kweli!"

"Ni imani, Baba," alijibu Mwenyekiti bila kupepesa macho.

"Basi mwakani nitapanda mwingine, hapa hapa."

Hapo Mama Ndoo alipandwa na hasira, kazi na iende.

"Hapa pamejaa, Baba. Mwaka mzima nimeumwagilia huu, juzi nikaambiwa niung'oe ili wewe upate shimo. Mwakani njoo uumwagilie huu huu. Tena uanze leo." Akamkabidhi ndoo tupu. "Bomba liko kule nyuma ya vyoo."

Mwenyekiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba Askofu aliitazama ndoo, akawatazama waumini, akakunja kanzu kwa mkono mmoja na kuelekea vyooni. Mpiga picha alikuwa ameshafunga kamera yake.