Ngozi ya Injini

Kahindo alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, uani kwao Rwambuzi alipoona jua la jioni likipenya kiganja cha mumewe. Gaspard, mekanisie, yaani fundi wa ndege, alikuwa ameinua mkono kufukuza kuku.

"Ni muchanga," alisema, akakaa kula.

Mwaka huo wa 1984 ndege ya kampuni ilitua kwenye viwanja vya udongo vya migodini, na kila ilipotua injini ilimeza vumbi. Mchanga hula visu vidogo vya chuma vinavyosukuma hewa ndani ya injini. Ulaya walishaanza kuuza visu vilivyopakwa utando mgumu wa rangi ya dhahabu, usiolika. Patron Honoré, mwenye kampuni, aliitazama katalogi yao, akaifunga. Tangu hapo mchanga ukaviacha visu, ukamla Gaspard. Injini ilibaki mpya. Yeye alirudi nyumbani amepungua.

Kahindo alimpenda mtu huyu tangu enzi za kitambi chake. Akampaka mawese utosini hadi nyayoni. Mchanga haukujali mawese. Maji yalipozidi unga, akaenda uwanja wa ndege.

"Patron, bwana yangu anaisha. Leta ile bisu ya zahabu."

"Mama, angalia weye mwenyewe. Bisu iko mupya. Nitabadirisha kitu mupya juu ya nini?"

Gaspard alikuwa amesimama mbele ya ndege, na namba zilizoandikwa ubavuni mwa ndege zilisomeka kupitia kifua chake.

"Ni kweli, iko muzuri," alisema. Aliipenda ile injini, na hilo ndilo lililomuudhi mkewe kuliko yote.

Kufikia Krismasi Gaspard alikuwa mwepesi kama shuka. Kahindo alimkunja begani kila asubuhi, akampeleka kazini, maana hakuna aliyemwachisha kazi.

Kisha kampuni ikanunua ndege ya pili. Kahindo alikuta wanaume wamepanga mstari mbele ya hanga la ndege kuomba kazi. Hakuna aliyeulizwa diploma. Walipimwa uzito kwenye mizani ya mizigo. Mwishoni alisimama Mathieu, muuza nyama, mtu mnene kuliko wote Rwambuzi, na mkewe Marcelline akiwa na bakuli mkononi.

"Marcelline, murudishe kwenu," alisema Kahindo. "Watamumaliza. Angalia."

Marcelline akamtazama Gaspard pale begani, akamwamkia kwa heshima.

"Naona, dada. Lakini ni kazi."

Akamgeukia mumewe, akamhimiza amalize uji kabla hajaitwa kwenye mizani.