Zamu ya Duale

Miaka yote ya ndoa yao, Safiyo alikuwa na neno moja tu kuhusu jazi: kelele za watu waliosahau wimbo njiani. Mumewe, Duale, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya askari Nairobi, na siku za mapumziko yeye na wenzake walipiga jazi. Akija likizo nyumbani Waberi, mjini Garissa, Safiyo alimfukuza yeye na tarumbeta lake akawapigie viboko huko mtoni. Kila mwaka Duale alimwomba aje amsikie jukwaani. Kila mwaka Safiyo alipata mgonjwa wa kuuguza.

Kisha Duale akastaafu, na kiharusi kikampinda mdomo. Sasa hasemi wala hapulizi.

Wenzake walipofunga safari hadi Garissa kumpigia, Safiyo hakuwa tena na pa kujificha. Baada ya swala ya alasiri alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini, akaketi kando yake, uso ameukunja. Kanchora, mpiga ngoma na kiongozi wao, akaja kuwaamkia.

"Leo umekuja, shemeji."

"Nimekuja, lakini hii muziki yenu, wallahi, mimi hasikii. Kila mtu nabiga yake."

"Ni zamu, shemeji. Mmoja anasema, wengine wanamshikilia. Ya Duale hatujampa mtu."

Hakuelewa, lakini walipoanza alitazama. Redioni hujui jinsi wanavyoangaliana. Mpiga saksofoni alisimama akalalamika kama mtu aliyeibiwa, na wenzake wakashusha sauti ili asikike. Alipochoka, mpiga kinanda akalipokea lalamiko lile akalijibu taratibu. Kumbe wanasikilizana, Safiyo akajiambia, na moyo ukamuuma, maana nyumbani kwake jambo hilo halikuwahi kutokea.

Ndipo Kanchora akamtazama Duale, akampa ishara kwa kichwa. Ngoma na gitaa la besi zikaendelea chini kwa chini, na juu yake hapakuwa na kitu. Watu wakaanza kugeukageuka, wakidhani kuna aliyekosea.

Mkono wa kulia wa Duale, ule uliosalimika, ulikuwa umelala juu ya mkono wa Safiyo. Vidole vitatu vikaanza kumbonyeza. Vilianza polepole, vikaenda mbio, vikatua, vikaondoka tena.

Alikuwa anapiga tarumbeta: vidole vitatu, vitufe vitatu. Katika ukumbi mzima ni Safiyo peke yake aliyepigiwa, naye hakuwa na sauti ya kuvipa vidole vile. Aliitafuta kichwani, japo kipande, akaambulia patupu. Kila tarumbeta lilipolia yeye alikuwa akifunga dirisha. Alilia mbele za watu, wala hakujifunika uso.

"Endelea," alimwambia kwa Kisomali. "Nakusikia."

Duale akamwamini. Nusu ya mdomo wake ikatabasamu, akaendelea kubonyeza hadi zamu yake ikaisha.