Kioo Kilichonyamaza

Mtaa mzima ulimwita Fundi Ti, na jina hilo lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukimpelekea saa ya mfukoni ya zamani na kutaka kujua kama kioo chake ni kioo kweli au ni plastiki, hakuhangaika na lenzi wala taa. Aliigonga kidogo kwenye meno ya mbele. Kioo husema ti. Plastiki husema tp, kama mtu aliyekataa kuitikia salamu. Wauza saa za betri walimcheka, naye aliwacheka zaidi.

Siku hizi hata wa kumcheka walikuwa wameadimika. Mkewe alishatangulia, binti yake aliolewa mbali, na wateja wa saa za mfukoni walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kutwa nzima kibandani mwake zilizungumza saa tu. Ndiyo maana siku mshonaji mmoja mjane alipopiga hodi, fundi alichangamka mpaka akajionea aibu.

"Karibu, dada. Pita, pita."

"Ahsante, kaka." Alifungua kitambaa, akatoa saa ya fedha yenye kioo kilichokwaruzika. "Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Jioni akirudi kazini aliigonga kwenye jino kabla hata hajavua viatu. Ti! Nikiwa jikoni najua amefika. Alipofariki nikawa naigonga mwenyewe, kila jioni, ndipo nalala."

"Na sasa?"

"Sasa imenyamaza. Mwanangu alikaa nayo wiki kadhaa, eti anaipeleka kusafishwa. Iliporudi, nagonga, hakuna kitu. Ameuza kioo cha baba yake akaniwekea plastiki. Nimemwambia asikanyage kwangu. Hata simu zake sipokei."

Fundi aliichukua, akaigonga kwenye meno.

Tp.

"Umeibiwa, dada," alisema, bila hata kusita. "Hii ni plastiki tupu. Niachie, nitakuwekea kioo chenyewe."

Mjane aligeukia mlango. "Nilikuwa natamani uniambie nimekosea," alisema, akaondoka.

Fundi akashika koleo lake lenye makucha. Koleo hilo hubana plastiki pande zote mpaka ijikunje na kuchomoka. Kioo cha kweli hakibanwi hivyo hata siku moja. Hufunguliwa duara lake la chuma, kikasukumwa taratibu kutoka ndani. Lakini si alishapima? Akabana.

Kilipasuka kikamkata kidole.

Alibaki anaitazama damu. Plastiki haikati mtu namna ile. Aliokota kipande kikubwa, akakigonga kwenye meno. Tp. Akarudia. Tp. Ndipo mkono ulipobaki hapohapo mdomoni.

Meno yake ya mbele yalikuwa ya bandia. Aliwekewa majuzi tu, kimyakimya, maana alikuwa na kiburi chake, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuyaona. Tangu awekewe hakuwahi kupima kioo hata kimoja. Aliyavua, akakisogeza kile kipande taratibu hadi kwenye gego moja la nyuma alilobaki nalo.

Ti.

Droo yake ilikuwa na kioo kingine cha kipimo kilekile. Angekiweka, akasema plastiki ameitupa, na nani angejua? Jina lake lingebaki safi. Kijana wa watu tu ndiye angebaki mwizi. Alikitazama kile kioo, akakirudisha drooni, akaona uchungu kwa ajili ya yule mwanamke na kwa ajili yake mwenyewe.

Mjane aliporudi, alikuta vipande vimepangwa juu ya kitambaa. Kabla hajauliza, fundi alivua meno yake akayaweka pembeni ya vipande. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Maneno yalimtoka yamepondekapondeka.

"Kilikuwa kioo, dada. Cha marehemu, hichohicho. Nimekivunja mimi. Plastiki ni haya meno yangu."

"Unanitania! Mbona hata mimi niligonga, na sikusikia..."

Hakumaliza. Mkono ulimwendea mdomoni, ukabaki hapo.

"Alinipeleka yeye kuwekewa haya meno," alisema hatimaye, sauti ikiwa chini. "Mwanangu. Wiki zilezile saa ikiwa kwake. Alisema hapendi kuniona natafuna kwa shida. Alinichagulia mwenyewe, akasema, mama, haya yatakupendeza."

Fundi alitamani afokewe. Angefokewa, angalau angekuwa na la kujibu. Mjane hakufoka. Alitoa simu kwenye mkoba, akatafuta jina, akapiga.

Iliita mpaka ikakatika.

Akapiga tena. Fundi alimsogezea kile kigoda alichokuwa akikalia mkewe, naye akakaa bila kukitazama.

"Atapokea," fundi alisema, akasahau kwamba bila meno hakuna aliyemwelewa vizuri.

Simu ikiwa sikioni, mjane aliokota kipande cha kioo kwa mkono wa pili, akakigonga taratibu kwenye yale meno aliyochaguliwa na mwanawe. Tp. Simu iliendelea kuita.