Namba Iliyobaki Kwenye Mashine

Tangu Eddah aingie karakana yetu ya Chaani, mashine ya kompyuta ikigoma watu huita jina lake. Miaka kumi na tisa walikuwa wakiniita mimi, Nicanor. Yeye ana miwili tu, na cheti chake, na kicheko kinachosikika hadi getini. Sifichi: nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Wiki ile Bi Salha, mwenye karakana, alitangaza kwamba Ijumaa angemtaja fundi mkuu. Kila mtu alijua jicho lake liko kwa nani. Nami nilikitaka cheo kile kuliko kitu chochote. Alhamisi likaletwa kasha la chuma la pampu, moja tu, halina mwenziwe, tulichonge tundu la beringi. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, niliandae. Eddah alimalize mchana.

Kisu cha mashine hulika kama kisu cha jikoni. Kikilika huwa chembamba, na tundu hutoka dogo. Kwa hiyo tunaiandikia mashine kimepungua kiasi gani, nayo hujisogeza kufidia. Kisu cha Eddah kilikuwa kimeshaandikiwa sehemu sita za mia za milimita. Saa sita nikaona kimekwisha kabisa, nikakitoa, nikafunga kipya, nikapima urefu wake vizuri. Kisha nikafungua ukurasa wa fidia. Hapo kuna mwiko mmoja: kisu kikiwa kipya, namba ile ya zamani unairudisha sifuri. Usipoirudisha, mashine hudhani kisu bado ni chembamba, hupitiliza, na tundu hupanuka. Chuma kilichotoka hakirudi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha sifuri. Nikamsikia Eddah mlangoni, yeye na Bi Salha wanacheka kama shoga wa miaka. Nikafunga ukurasa, namba nikaiacha palepale.

"Shikamoo, mzee Nicanor. Kuna ulichobadilisha?"

"Marahaba. Hakuna. Endelea tu."

Uongo wenyewe ulinitoka kirahisi hivyo. Nikaenda kukaa nyuma na chai yangu, na kila dakika ilikuwa tamu.

Saa tisa Bi Salha alikuwa amesimama juu ya lile kasha. Beringi ilikuwa ikicheza ndani ya tundu kama jino bovu.

"Ni nani alobonyeza?" akauliza.

Kwetu aliyebonyeza kitufe cha kuanzisha mashine ndiye mwenye kosa. Hatuulizani zaidi ya hapo.

"Ni mimi, Bi Salha," Eddah akajibu.

"Na hukupima kwanza?"

"Sikupima."

"Wallahi, Eddah, umenivunja moyo." Akanigeukia. "Nicanor, sina haja ya kungoja kesho. Fundi mkuu ni wewe."

Mafundi wakanipa mikono. Nilicheka nao, kisha nikaenda bombani kunawa. Eddah akanifuata, ameshika kitambaa. Akakikunjua. Ndani mlikuwa na kisu kile, bado kina rangi yake ya dhahabu ya upya, ambayo haimalizi hata siku mbili kazini.

"Hiki si changu," akasema polepole. "Nimekitoa sasa hivi."

"Mbona hukumwambia Bi Salha?"

"Nimwambie nini? Nimebonyeza mimi. Nilipaswa kupima, ila ni wewe uliyeniambia hakuna kitu, basi nikaamini." Hakuinua sauti. "Usiogope, mzee. Sitamwambia yeyote. Hongera kwa cheo."

Nilitamani anitukane, nipate pa kushika. Alikiweka kisu ukingoni mwa beseni, akarudi kuifuta mashine, mgongo wake umenyooka, hana cha kuficha. Nami nikabaki pale na sabuni mikononi. Nilichokitaka nimekipata, na bado ni yeye ninayemwonea wivu.